Mzazi Akisita Kumchanja Mtoto: Mwongozo kwa Muuguzi wa Kliniki

Mama aliyetoka nyumbani alfajiri, akapanga foleni, akampimisha mtoto uzito, kisha akafika mezani kwako na kusema "Nesi, leo naomba asichomwe", bado hajakataa chanjo. Aliyekataa kabisa hayupo kwenye foleni. Huyu ana jambo linalomsumbua, na kwa kuja kwake amekupa nafasi ya kulisikia. Wengi wetu tunaipoteza nafasi hiyo kwa kumjibu kana kwamba amekuja kubishana.

Mwongozo huu ni wa muuguzi wa zahanati au kituo cha afya. Ratiba ninayoifuata ni ya Tanzania: BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio mtoto anapozaliwa, chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, kisha surua-rubella akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Ya Kenya inakaribiana nayo sana. Nina msimamo mmoja ambao utauona kila mahali humu: shaka nyingi za akina mama wa huku kwetu hazizaliwi kwenye simu. Zinazaliwa kliniki kwenyewe, pale mtoto anaporudi nyumbani na paja lililovimba bila mama kuonywa, au mama anapogombezwa mbele za watu kwa kadi iliyolowa. WhatsApp hukuta shamba limeshalimwa.

Tengeneza kliniki kwanza

Maneno mazuri hayatasaidia kama mama ameshadhalilishwa mlangoni. Anayechelewa wiki tatu aambiwe "karibu, tumefurahi umekuja", basi. Sababu za kuchelewa utazijua baadaye: alisafiri msibani, alikuwa shambani, hakuwa na nauli, aliogopa kusemwa. Kumgombeza hakurudishi zile wiki tatu, ila kunaweza kukupotezea ziara inayofuata.

Lipo jambo jingine linalotuumbua, nalo ni vichupa. Kichupa cha BCG au cha surua-rubella kikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6 tu, kinachobaki humwagwa. Ndiyo maana baadhi ya vituo husubiri watoto wafike idadi fulani, na aliyekuja peke yake huambiwa arudi Alhamisi. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa cha surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa kuwa mtoto aliyerudishwa mara nyingi harudi. Kama utaratibu wa kituo chako haukuruhusu, angalau mweleze mama sababu na umpe siku ya uhakika. Mama aliyeambiwa "hatufungui kwa mtoto mmoja" bila maelezo ameelewa kwamba mtoto wake hana thamani ya kichupa, na kesho ukimwambia chanjo ni muhimu mno atakushangaa.

Tafuta pia kona ya kuzungumzia. Mama anayeogopa kuonekana mjinga mbele ya foleni atatikisa kichwa, atakubali kila neno, na hatarudi mwezi ujao. Hata benchi nyuma ya mlango linatosha.

Hatua ya 1: Sema kinachofanyika leo

Anza kwa kueleza, usianze kwa kuuliza kama anataka. "Mama Neema, mtoto ametimiza wiki 6. Leo atapata matone mdomoni, na sindano mbili, moja kila paja. Nitakueleza kila moja kabla sijachoma." Linganisha na "Sasa mama, tumchanje au vipi?" Swali la pili linasikika kama heshima, lakini linampa mama ujumbe kwamba hata wewe huna hakika. Utafiti uliofanywa Seattle, Marekani, na kuchapishwa 2013 ulirekodi mazungumzo ya kliniki na kukuta kuwa watoa huduma walipoanza kwa kuuliza maoni ya mzazi, asilimia 83 ya wazazi walisita. Walipoanza kwa kueleza kinachofuata, waliosita walikuwa asilimia 26. Seattle si Tandahimba, najua. Lakini wazo kwamba mama husoma uso na sauti ya nesi kabla ya kusikia maneno yake halihitaji ndege kufika kwetu.

Kueleza si kulazimisha. Ukimaliza kusema, tulia kidogo umtazame. Wengi watamvua mtoto nguo. Atakayemkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi ndiye unayeendelea naye hatua ya pili.

Hatua ya 2: Uliza, kisha nyamaza

Swali zuri ni lile lisilojibika kwa ndiyo au hapana. "Nini kinakutia wasiwasi?" "Umesikia nini kuhusu sindano hizi?" Baada ya hapo funga mdomo. Hii ndiyo sehemu ngumu, hasa ukiwa na watoto arobaini nje, lakini dakika mbili za kimya zinaokoa dakika kumi za kuhubiri jambo ambalo mama hakuliuliza.

Akishasema, mrudishie maneno yake mwenyewe: "Kwa hiyo unahofia kwamba homa ile ya mtoto wa kwanza itajirudia." Akisema "ee, ndiyo hasa", umefika. Akisema "hapana, siyo hiyo", amekuepusha na hotuba ya bure. Usitabasamu kwa dharau hata kama alichosema ni kioja. Neno kama "ushamba" au "nani kakudanganya?" linafunga mlango, maana aliyemwambia huenda ni mama mkwe wake.

Hatua ya 3: Omba ruhusa, jibu swali moja

"Naomba nikueleze ninachojua kuhusu hilo?" Hakuna mama atakayekataa, na akishakubali husikiliza kwa namna nyingine. Kisha jibu lile alilouliza tu, kwa sentensi chache, na umalizie kwa kumuuliza amelionaje. Mtindo huu wa kuuliza, kueleza kwa ruhusa na kuuliza tena ndio uliotumika Quebec, Kanada, kwenye wodi za wazazi, kwa mama aliyetoka kujifungua. Huku kwetu siku ya kujifungua na mahudhurio ya wajawazito pia ni wakati mzuri, kwa kuwa mama ana muda na mtoto halii kwa sindano.

Anza na ukweli kabla ya uvumi. Ukianza na "watu wanasema chanjo inaua", hilo ndilo atakaloondoka nalo.

Na usimtishe. Tuna mazoea ya kumwonyesha mama picha ya mtoto aliyejaa vipele vya surua tukidhani hofu itamsukuma. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014 ulijaribu njia hizo kwa wazazi: picha za watoto wagonjwa ziliongeza imani kwamba chanjo huleta usonji, na simulizi ya kutisha ya mtoto aliyenusurika surua iliongeza hofu ya madhara ya chanjo. Mtu aliyeogopa huogopa kila kilicho mbele yake, sindano ikiwemo.

Maswali utakayokutana nayo

*"Mtoto wangu wa kwanza alivimba paja na kuchemka usiku kucha."* Hili ndilo kubwa kuliko yote, na jibu lake ni kukiri. Ndiyo, Penta, ile sindano ya magonjwa matano, huleta homa na uvimbe kwa watoto wengi. Huanza siku ile ile au usiku wake na kwa kawaida huisha ndani ya siku 1 hadi 2. Mweleze kwamba mwili unajifunza kupambana, na homa ni sehemu ya kujifunza huko. Kisha mpe mpango wa usiku: anyonyeshe mara kwa mara, amvalishe nguo nyepesi, kitambaa safi chenye maji ya baridi juu ya uvimbe, asikande kwa maji moto, asipake mafuta ya taa wala dawa ya meno. Parasetamo impe tu homa ikija, isitangulie sindano; kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, na wewe ndiye wa kukihesabu na kukiandika kwa mililita za chupa anayotumia. Dalili za kurudi mara moja: anashindwa kunyonya, anatapika kila kitu, amelegea, amepata degedege, au homa imepita siku mbili.

Kila chanjo ina tabia yake, na mama aonywe kwa jina lake. BCG haileti homa ya usiku huo. Huleta kipele begani baada ya wiki 2 hadi 6, kinachopasuka, kutoa usaha kidogo na kuacha kovu. Wangapi wamekikamua au kukipaka majivu wakidhani nesi alichoma na sindano chafu? Surua-rubella nayo hukaa kimya wiki nzima, kisha kati ya siku ya 7 na ya 12 baadhi ya watoto hupata homa na vipele vichache. Mama asiyeonywa atasema, "Walimchanja surua, ikamletea surua." Na jirani zake wote watamsikia.

*"Ni sindano nyingi mno kwa mtoto mdogo hivi."* Mkubalie kwamba kumwona akichomwa mara mbili kunauma. Kisha mweleze kwa nini wiki ya 6 na si mwaka: kifaduro huua zaidi watoto wa miezi michache ya kwanza, wale ambao hata kukohoa vizuri hawajaweza. Ukisubiri awe mkubwa, umemvusha kwenye hatari yenyewe bila kinga. Penta imeunganisha kinga za magonjwa matano katika sindano moja (dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na Hib inayoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo), kwa hiyo sindano zimepungua. Akiomba moja leo na nyingine wiki ijayo, mwambie utakachopendekeza na kwa nini, lakini akishikilia, choma hiyo moja. Mtoto mwenye chanjo moja na mama anayekuamini ni bora kuliko mtoto asiye na kitu.

*"Inafunga kizazi."* Usicheke. Neno hili lina historia. Mwaka 2014 maaskofu Katoliki wa Kenya walidai hadharani kuwa chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, ila maneno yalishavuka mpaka. Kaskazini mwa Nigeria mwaka 2003 dai kama hilo kuhusu matone ya polio lilisimamisha kampeni huko Kano, na virusi vikasambaa hadi nchi nyingine nyingi zilizokuwa zimeshavimaliza. Kano ilirejea 2004, na kilichosaidia ni kupata chanjo kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu wengi. Kwa hiyo angalia pia ni nani anayesema, mbali na kinachosemwa.

Kwa mama aliye mbele yako, ushahidi mzuri kuliko wote ni yeye mwenyewe. Mpango wa chanjo wa Tanzania ulianza 1975. Mwombe atazame bega lake la kulia: kovu lile ni BCG. Huenda alipata polio, surua na zile nyingine kabla hajajua kutembea. Akapata sindano za pepopunda akiwa mjamzito. Na huyu hapa mtoto mapajani mwake. Sema hivyo kwa upole, kisha mwache akae nalo. Ukiendelea kuongea utaliharibu.

*"Mtoto wa jirani alichanjwa, bado akaugua surua."* Inawezekana, na ukikana atakuona mwongo. Dozi ya miezi 9 hulinda takriban watoto 85 kati ya 100. Ndiyo sababu ipo ya miezi 18. Akina mama wengi hudhani kliniki imekwisha mtoto anapotimiza mwaka, basi tumia swali hili kumwekea tarehe ya dozi ya pili papo hapo.

*"Polio yenyewe hata sijawahi kuiona."* Hajaiona kwa sababu wenzake walichanja. Afrika ilitangazwa kuwa huru dhidi ya polio ya asili Agosti 2020. Februari 2022 Malawi ikathibitisha mgonjwa mmoja Lilongwe, kirusi chake kikifanana na cha Pakistan, na miezi mitatu baadaye Msumbiji nayo ikathibitisha wake. Tanzania inapakana na zote mbili, ndipo mkaona wachanjaji wakipita nyumba kwa nyumba mwaka huo. Kwa surua, taja Zimbabwe: mwaka huo huo wa 2022 ilipoteza watoto zaidi ya 700, wengi wao wasiochanjwa.

*"Nimesoma inaleta usonji."* Hili utalisikia zaidi Nairobi, Dar es Salaam, na kwa wenye ndugu Ulaya. Lilitokana na makala ya Andrew Wakefield ya 1998 kuhusu watoto 12. Jarida la The Lancet liliifuta 2010, na mwandishi akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza. Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000 na kuchapisha 2019: waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Usimwage takwimu hizi kwa mama ambaye hakuuliza.

*"Hivi si ndiyo ile ya korona?"* Maneno ya 2020 na 2021 yaliacha mabaki, na Rais Samia Suluhu Hassan kuchanjwa hadharani Julai 2021 hakukuyafuta yote. Jibu kwa kumfungulia kadi: hizi ndizo chanjo zilizokuwepo kabla ya Uviko, nyingine tangu bibi yake akiwa kijana.

*"Ina nguruwe?"* Pwani na Visiwani swali hili huja kwa sauti ya chini. Usiape kwamba hakuna kama hujui. Baadhi ya chanjo, ikiwemo ya surua-rubella, huwekewa jelatini ya kuitunza, nayo huweza kutoka kwa nguruwe. Wanazuoni wamelijadili, Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2018 lilitamka kwamba chanjo ya surua-rubella inaruhusiwa kwa dharura, pamoja na kukiri ilivyotengenezwa. Hukumu ya dini si kazi ya nesi. Mjue imamu wa karibu, ukae naye kabla swali halijazuka, na mama umwelekeze kwake siku hiyo hiyo.

Sindano yenyewe ni sehemu ya mazungumzo

Ulichoahidi kwa mdomo mkono wako unaweza kukivunja. Mama amshike mtoto wima kifuani, asilazwe mezani na kubanwa na watu wawili. Anyonyeshe kabla na wakati wa kuchoma. Maziwa hayamkabi na maumivu hupungua. Matone yatangulie, sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho, na hakuna haja ya kuvuta bomba kutafuta damu. Mwonyeshe kichupa na alama yake ya joto: mraba wa ndani ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Kuna akina mama ambao jambo hilo dogo huwatuliza kuliko maelezo yote, kwa kuwa walikuwa wakihofia dawa iliyoharibika.

Mafua madogo, kuharisha kidogo, kuzaliwa njiti au kutumia dawa ya kuua vijidudu si sababu za kuahirisha. Tukiahirisha ovyo tunamfundisha mama kwamba chanjo ni hatari kwa mtoto aliye dhaifu. Mtoto mwenye dalili za UKIMWI hapewi BCG, na aliyewahi kupata mzio mkali wa chanjo fulani hairudii. Hao mpe rufaa. Wengine wakae dakika 15 hadi 30 kabla ya kuondoka, na adrenalini iwe mkononi, si kabatini kwa mfamasia aliyekwenda chai. Mzio mkali hutokea takriban mara moja katika dozi milioni moja, ila mara hiyo moja haitakupa taarifa.

"Baba yake hajaruhusu"

Hapo umezungumza na mtu asiye na uamuzi, na kumbana ni kumpeleka nyumbani akagombane. Muulize nani wa kuzungumza naye, na baba huyo anahofia nini hasa. Mwombe ruhusa umpigie simu ukiwa naye hapo hapo, au mwalike baba siku nyingine umpitishe bila foleni, jambo ambalo wanaume wengi wanalithamini kuliko hotuba. Bibi wa mtoto akija, mwamkie, mpe kiti, umuulize surua zamani ilikuwaje. Bibi aliyezika mtoto wa surua atamweleza mkwewe kwa namna ambayo wewe huiwezi.

Akisema hapana

Wachache watasema hapana hata baada ya yote. Usimtishie kumnyima kadi, kipimo cha uzito wala matibabu. Mwambie: "Nimekusikia. Mimi naona ingekuwa salama zaidi kuchanja leo, na nitakuuliza tena ukija." Mpe dalili za hatari za surua, nimonia na kuharisha, umweleze kwamba mtoto akiugua aseme mapema kwa mganga kuwa hajachanjwa. Andika kwenye rejista tarehe na sababu kwa maneno yake. "Amekataa" peke yake haimsaidii nesi wa zamu ijayo. Mpe tarehe ya kurudi. Akirejea baada ya miezi, ratiba haianzi upya, inaendelea pale ilipoishia, na hilo lazima alijue, kwa kuwa wapo wanaobaki nyumbani wakidhani wamechelewa kupita kiasi.

Mtoto akiugua baada ya chanjo, na mtaa ukaanza kusema

Siku hii itakuja. Nenda nyumbani mapema, pamoja na mhudumu wa afya wa mtaa, kabla habari haijazunguka visimani na sokoni. Pole kwanza, maswali baadaye. Usiseme "si chanjo" kabla ya uchunguzi, wala usiseme "ni chanjo". Sema unachojua: mtoto alichanjwa nini, lini, namba ya toleo la kichupa, watoto wengine waliotoka kichupa kile wana hali gani. Jaza fomu ya matukio baada ya chanjo siku hiyo hiyo, mjulishe mratibu wa chanjo wa wilaya, na vichupa vya siku hiyo vihifadhiwe kwenye baridi. Mwenyekiti wa mtaa na viongozi wa dini wapate taarifa kutoka kwako kabla hawajaipata kwa mwingine. Matokeo yakitoka, rudi kwa familia ile ile uwasomee wao kwanza, hata kama matokeo yenyewe hayakupendezi.